Shajara ya mradi: mashine ya kukereza mbao na vikorokoro vyake, kuanzia karatasi mpaka bakuli la kwanza

Jumamosi, bado niko kwenye karatasi

Nimeamua, naingia kwenye kukereza mbao, yaani mbao inazungushwa na mashine huku unaichonga kwa patasi. Si biashara, ni kupenda tu, nataka kutengeneza mabakuli, mipini ya patasi, vinara vya mishumaa, na zile pia za kuzungusha za watoto kuchezea. Ntakuwa naandika kila hatua na sababu ya kila nilichochagua, maana ukianza kusoma matangazo ya mashine namba zinakuwa nyingi mpaka unasahau ulikuwa unataka nini.

Kwa hiyo mashine sijaiangalia kwanza. Nimeandika kitu kipana kuliko vyote ninachotaka kutengeneza, bakuli la sentimita 25, na kitu kirefu kuliko vyote, mguu wa stuli wa sentimita 45. Basi. Hizo namba mbili ndo zitaamua, na kila nikivutwa na mashine fulani narudi kuuliza, hili bakuli litaingia? litazunguka taratibu vya kutosha? litashikwa na nini?

Upana kwanza. Mashine za hobi utaona zimeandikwa inchi 8, 10, 12, 14, hicho ni kipenyo cha kitu kikubwa kinachoweza kuzunguka juu ya kitanda cha mashine, ile reli ndefu ya chini, bila kugusa. Ila angalia sana, watengenezaji wengine hawaandiki kipenyo, wanaandika umbali kutoka katikati ya shafti mpaka kwenye kitanda, yaani nusu yake, kwa hiyo mashine ya "milimita 150" na mashine ya "inchi 12" zinaweza kuwa saizi ileile. Sasa inchi 10 ni sentimita 25.4, ukiangalia haraka unasema bakuli langu linaingia. Linaingia likishakuwa bakuli! Gogo bichi kabla halijawa duara lina kona zake na magamba yake, linahitaji nafasi zaidi. Inchi 10 nje, nataka 12.

Urefu haujanisumbua, mashine nyingi za mezani za inchi 12 zina kama sentimita 50 kati ya kichwa (upande wenye shafti inayozungusha) na mkia (upande wa pili unaosogea na kuegemeza mbao), mguu wa stuli unaingia, na nyingi unaweza kuongezea kipande cha kitanda baadaye.

Jumapili, spidi ndo penyewe

Hapa ndo nimekaa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yote na naona ndo panapostahili.

Wakerezaji wana kanuni moja ya zamani, chukua kipenyo kwa inchi zidisha kwa mizunguko ya dakika moja, jibu likae kati ya 6,000 na 9,000. Kwa sentimita ni kama 15,000 mpaka 23,000. Bakuli langu la 25 basi linataka mizunguko 600 hadi 900 likishakaa sawa. Lakini likiwa bado gogo, upande mmoja mzito kuliko mwingine, 600 ni nyingi mno, mashine nzima itacheza. Unataka kuanza chini kabisa halafu unapandisha pole pole huku umeshika swichi unasikiliza, ikianza kutetemeka unashuka kidogo.

Ili uone kwa nini nasisitiza, piga hesabu ya ukingo. Kipenyo cha sentimita 25 kikizunguka mara 1,000 kwa dakika, ukingo wake unakwenda karibu kilomita 47 kwa saa. Kijiti cha sentimita 5 kwa mizunguko hiyohiyo ukingo unakwenda kama kilomita 9 tu. Mashine ni ile, spidi ni ile, lakini kipande kikichomoka hilo bakuli linakuja na mwendo wa gari mtaani.

Kwa hiyo namba ninayoiangalia kwanza kwenye tangazo lolote sasa hivi ni spidi ya chini kabisa. Mashine inayoanzia 500 au 600 nimeifuta hata kama imenipendeza. Zile za kuhamisha mkanda kwenye puli peke yake ni imara na hazina cha kuharibika, ila kila ukitaka kubadili spidi unazima unafungua kimlango unahamisha mkanda, na kwa gogo lisilo sawa unataka spidi inayopanda bila ngazi. Nimeegemea zile zenye kitufe cha kielektroniki PAMOJA na puli. Hivyo viwili havifanyi kazi moja. Ukishusha spidi kwa kitufe peke yake mota inazunguka taratibu lakini nguvu haiongezeki, ukihamisha mkanda kwenye puli ya chini ndo nguvu ya kusukuma inaongezeka, kama gia ya kwanza. Kwa bakuli unakaa puli ya chini, kwa vijiti vyembamba unapanda.

Nguvu ya mota: robo tatu hosipawa, yaani wati 550 hivi, inaweza bakuli la 25 kama una subira na patasi kali. Hosipawa moja, wati 750, unafanya bila kuibembeleza. Nataka moja.

Uzito nao. Kitanda cha chuma cha kusubu, si bati lililokunjwa wala bomba. Chuma cha kusubu kinameza mtetemo, bati linauimba. Mashine ya inchi 12 ikiwa na kilo 45 kwenda juu hapo ndo naanza kuiamini.

Jumatano jioni, nimeenda kuona iliyotumika

Ya inchi 12, chuma cha kusubu, rangi nzuri. Nimeikagua hivi, na yeyote anayenunua iliyotumika afanye hivihivi.

Nimechomoa plagi, nikalegeza mkanda ukatoka kwenye puli, nikazungusha shafti kwa vidole viwili. Inatakiwa izunguke kimya na laini. Hii ilikuwa na kamchanga ndani, unakasikia kwenye ncha za vidole kabla hujakasikia kwa sikio, beringi zimechoka. Hilo peke yake si la kukimbia, beringi hubadilishwa. Nikaishika shafti nikaisukuma juu chini, haikucheza, sawa. Kisha nikaweka senta yenye ncha, kile kichuma cha kushika katikati ya mbao, kwenye kichwa na nyingine kwenye mkia, nikausogeza mkia mpaka ncha mbili zikaribiane kabisa. Zinatakiwa zikutane uso kwa uso. Hapa zimepishana upana wa kama njiti ya kiberiti. Nikafuta matundu yote mawili kwa kitambaa maana randa moja tu likibaki ndani linapindisha senta, nikarudia, zikapishana vilevile. Kichwa chake hakina pa kurekebisha. Ukitoboa kwa kutumia mkia huo tundu litatoka pana na limepinda, na kipande kirefu kitakuwa kinavutwa pembeni wakati wote. Nimemshukuru mwenyewe nikaondoka.

Jumamosi nyingine, nimenunua

Mpya, inchi 12, sentimita 53 kati ya kichwa na mkia, hosipawa moja, kilo 55 hivi. Puli tatu: ya chini inatoa mizunguko 60 hadi 900, ya kati 110 hadi 1,800, ya juu 220 hadi 3,600. Hiyo 60 ndo imenifanya nitoe hela. Sitakereza kwa 60 lakini ntawashia hapo kila gogo jipya nione linavyozunguka, na kupaka mafuta au vanishi kitu kikiwa kinazunguka taratibu hivyo ni raha.

Mashine imekula kama nusu ya bajeti yote na nimefanya hivyo kwa makusudi kabisa. Nusu nyingine ni ya vinavyoshika na vinavyokata. Mashine peke yake haikati chochote.

Shafti, soma hapa kabla hujaagiza hata kitu kimoja

Shafti ya mashine ina vitu viwili vya kushikia, nyuzi za skrubu kwa nje na tundu jembamba kuelekea ndani. Vyote viwili lazma uvijue kwa jina kabla hujanunua chaki (kifaa chenye taya kinachobana mbao) au senta yoyote.

Nyuzi za nje kwenye mashine za hobi mara nyingi utakutana na inchi 1 kwa nyuzi 8 (kipenyo, halafu idadi ya nyuzi ndani ya inchi moja), hiyo ndo yangu, au M33 kwa 3.5 (milimita 33, na milimita 3.5 kutoka uzi mmoja hadi mwingine) ambayo ndo imezoeleka sana Ulaya, au inchi 1 na robo kwa nyuzi 8 kwenye mashine kubwa. Vimashine vidogo vina robo tatu ya inchi kwa nyuzi 16. Kama mashine yako ya zamani haina kitabu, chukua venia, kile kipimo cha kubana, upime kipenyo cha nje cha nyuzi, ukipata karibu 25.4 ni inchi moja, karibu 33 ni M33. Halafu weka rula ubavuni uhesabu vilima vya nyuzi ndani ya inchi moja. Usikisie kwa macho. Chaki inayoingia kwa kulazimisha itakula nyuzi za shafti na shafti si kitu unachonunua kirahisi.

Chaki nyingi nzuri siku hizi zinakuja na kiunganishi cha kubadilisha katikati, hizo ndo ninazopenda, maana nikihamia mashine kubwa siku moja chaki inahama na mimi, nabadilisha kiunganishi tu.

Tundu la ndani linasinyaa kidogo kuelekea ndani, saizi yake inaitwa Morse namba 2, wanaandika MT2, kichwani na kwenye mkia. Vimashine vidogo vina MT1. MT2 ndo ina vifaa vingi kuliko zote kwa hobi: senta za meno, senta za kuzunguka, chaki ya drili. Inashika kwa kubanana tu, haina skrubu, kwa hiyo usafi ni lazima, kitambaa kikavu kila mara kabla ya kuingiza.

Grainda imetangulia mashine

Wakati nasubiri mashine ije nimefunga grainda, na hapa nina msimamo mkali. Kama hela zinatosha patasi sita bila grainda, au patasi mbili na grainda, chukua mbili na grainda. Patasi za kukereza zinanolewa mara nyingi sana kuliko za useremala wa kawaida, mbao inapita mbele ya makali mita mamia kwa dakika, dakika chache za kazi ngumu makali yameshalegea.

Yangu ni ya mwendo wa taratibu, mizunguko kama 1,450 (zile za haraka ni karibu mara mbili ya hiyo), magurudumu ya inchi 8, meupe ya alumini oksaidi. Magurudumu ya CBN (yenye chembe ngumu sana za kunolea) yanasifiwa kwa sababu hayapungui kipenyo, ukishaseti pembe inabaki palepale, ila yatasubiri.

Cha lazima zaidi ni jigi, ule mkono unaoshika patasi kwa pembe moja kila siku. Ukinoa kwa mkono mtupu kila mara unatengeneza pembe mpya na unakula chuma bure. Namna ya kuseti: nachukua maka peni nyeusi napaka ule mteremko wote nyuma ya makali, naweka patasi kwenye jigi, nazungusha gurudumu KWA MKONO, grainda imezimwa. Naangalia wino ulipofutika. Ukifutika juu karibu na ncha tu, au chini kisiginoni tu, nasogeza mkono wa jigi. Ukifutika mteremko mzima kutoka juu mpaka chini ndo nawasha, na hapo ni kugusa tu, sekunde chache, cheche zikianza kuruka juu ya makali basi inatosha. Nimeshakata kijiti cha urefu wa kutoka gurudumu mpaka ncha ya patasi, ndo kipimo changu, sipimi tena.

Patasi nilizochukua

Zote za HSS, chuma kinachovumilia joto la grainda. Zile za chuma cha kawaida cha kaboni zikigeuka bluu kwenye gurudumu ugumu umeondoka.

Gauji ya bakuli, yenye mfereji mrefu wa kina, nondo ya inchi nusu. Tahadhari kwenye saizi, Uingereza wanapima upana wa mfereji na Marekani wanapima unene wa nondo, kwa hiyo ya tatu ya nane ya inchi kwa Muingereza ndo ya nusu kwa Mmarekani. Hii ndo patasi ambayo nitaishika zaidi ya nyingine zote kwa hiyo hapa sijabana hela. Gauji ya vijiti ya tatu ya nane. Patasi ya kukatia, nyembamba. Skrepa moja ya duara. Na gauji pana ya kuchongea miraba iwe duara, HII USIIPELEKE KWENYE BAKULI HATA SIKU MOJA, shina lake linaloingia kwenye mpini ni bapa na jembamba, bakulini nyuzi za mbao zinakuja upande wa kichwa zinaidaka, shina linakatika. Za bakuli zimetengenezwa kwa nondo nzima mpaka ndani ya mpini, ndo maana.

Skyu, ile ya makali ya kukaa kimshazari, nimeiacha kwanza. Inaacha uso laini kuliko zote lakini inataka muda wake yenyewe na mimi haraka yangu ni bakuli.

Kuhusu zile za vipande vya kabaidi (kitu kigumu kuliko chuma) vya kubadilisha, mraba kwa nje na duara kwa ndani: ni rahisi kuanzia, unashika bapa sambamba na sakafu unasogeza mbele, hazihitaji kunolewa. Lakini zinakwangua, hazikati kama gauji iliyonolewa, kwenye mbao laini unaachiwa manyoya na unalipia kwenye msasa. Mtu asiye na nafasi ya grainda achukue hizo bila aibu yoyote.

Mashine imekaa mezani

Urefu: katikati ya shafti pawe sawa na kiwiko chako ukikunja mkono. Kwangu imebidi meza ipande. Nimetengeneza meza ya mbao nene, juu plaiwudi mbili zimegundishwa, chini sanduku nimejaza mchanga mkavu. Kabla ya mchanga nilijaribu kuwasha na kipande kisicho sawa, meza ikaanza kutembea ikifika 500. Baada ya mchanga kipande kilekile kinafika 700 meza imetulia.

Ncha za senta zimekutana. Nimezitazama kwa kukuza na simu, zimekutana kabisa!

Chaki ya taya nne

Imefika na taya za milimita 50 na ile skrubu ya katikati. Kitu ambacho watu wanaonunua chaki hawaambiwi ni kwamba taya zimechongwa kuwa duara kamili kwenye kipenyo kimoja tu, na kipenyo hicho kwa kawaida ni zikiwa karibu kufunga. Ukizipanua sana haziko duara tena, kila taya inashika kwa kona mbili na utaona alama nane kwenye mbao. Kwa hiyo ulimi wa chini ya bakuli, kile kiduara kifupi unachokiacha ili taya zikibane, unautengeneza ufuate taya, si taya zifuate ulimi.

Nimekereza ulimi kwenye kipande cha majaribio nione unavyokaa. Ubavu wake umeinama kidogo kuelekea ndani ufanane na mteremko wa taya. Ni mfupi kuliko kina cha taya, usiguse sakafu ya chaki, maana kinachofanya bakuli lisiyumbe ni bega, ile sehemu bapa inayozunguka ulimi, likae juu ya taya zote nne. Nimebana, nikaangalia kwa tochi kati ya bega na taya, mwanga haupiti. Nikafungua, nikatazama alama: mstari mwembamba unaozunguka karibu wote. Hivyo ndo inatakiwa.

Mashine yangu inazunguka pia kinyume, nzuri kwa msasa, lakini kinyume chaki inaweza kujifungua kwenye nyuzi yenyewe. Chaki yangu ina kiskrubu kidogo cha kuizuia, bila hicho usiguse hiyo swichi.

Bakuli la kwanza

Mbao mbichi, kipenyo sentimita 18, sijaanza na 25. Ulimi milimita 60, karibu theluthi ya kipenyo. Nje nimekereza gogo likiwa kwenye skrubu ya chaki huku mkia unalisukuma, mkia hauondoki mpaka ulazimike. Nimewashia 60, nikasimama pembeni, si mbele ya gogo, nikapanda mpaka 450, likawa duara, nikapanda mpaka 800. Gauji imetoka kwenye jigi muda huohuo na maranda yalitoka marefu, yenye maji, yananipiga kifundo cha mkono. Makali yakianza kuchoka unajua mara moja, maranda yanakuwa mafupi kisha yanakuwa unga na mkono unaanza kusukuma. Hapo si pa kuongeza nguvu, ni kurudi kwenye grainda.

Ukuta nimeuacha milimita 18, moja ya kumi ya kipenyo, ndo kipimo cha mbao mbichi. Litajikunja na kuwa yai likikauka na huo unene ndo utanipa nafasi ya kulirudisha kwenye duara. Pale nyuzi za mbao zilipokatwa kichwa nimepaka nta lisikauke haraka likapasuka, nikalitia kwenye mfuko wa karatasi na maranda yake lenyewe. Nimeandika uzito kwa penseli juu ya mfuko. Kila wiki napima, siku uzito utakapoacha kushuka ndo limekauka.

Vumbi

Vifaa vya hili nilitaka kuviweka mwishoni mwa manunuzi, nikavihamisha juu ya orodha. Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani, IARC, iliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu tangu 1995, na kwenye kukereza uso wako uko karibu sana na msasa. Ngao ya uso inayofunika mpaka kidevu kwa ajili ya vipande, na barakoa ya chujio chini yake kwa ajili ya vumbi, ni vitu viwili tofauti, kimoja hakifanyi kazi ya kingine. Mikono mifupi au iliyobana. Glavu hapana, zinadakwa na kuvuta mkono.

Kinachofuata

Orodha imebaki fupi. Kalipa ya kupimia unene wa ukuta. Egemeo fupi la inchi 6, kile chuma unacholaza patasi ukikata, kwa ndani ya bakuli, hili lililokuja na mashine ni refu, haliingii ndani vizuri na patasi inabaki inaning'inia mbali na egemeo, hapo ndo inapodakwa. Taya za milimita 100 kwa ajili ya lile bakuli la 25, zikifika gogo lake nimeshaliweka kivulini, ncha zote mbili zina nta.